Usambara kwa baiskeli ya changarawe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wale wanaotaka kuendesha baiskeli ya changarawe, yaani ile ya usukani uliopinda na tairi pana, kwenye barabara za vumbi za Usambara Magharibi, mkoani Tanga: Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo hadi Mtae. Wanaouliza wengi wanatoka Dar, Arusha, Moshi na Tanga, na siku hizi hata Nairobi na Mombasa. Mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayowaangusha watu.

Kwa nini Usambara, na si mahali pengine?

Kwa sababu ya umbo la nchi yenyewe. Milima hii inainuka ghafla kutoka nyika ya Mombo, takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari, mpaka vilele vinavyopita mita 2,200 huko msitu wa Shagayu. Lakini ukishafika juu hukuti kilele kimoja cha kupanda na kushuka. Unakuta nchi nzima ya migongo na mabonde, kila bonde na mto wake, kila mgongo na kijiji chake, na barabara ya udongo inayounganisha hiki na kile. Watu wamelima mpaka ukingoni: kabichi, viazi, maharage, mapea, plamu, chai upande wa mvua nyingi. Hupiti kilomita nyingi bila kuona mtu, duka au bomba la maji. Kwa mwendesha baiskeli anayebeba mzigo mdogo, hilo ni jambo kubwa kuliko mandhari.

Mandhari nayo ipo, usiwe na wasiwasi.

Niweke kilomita ngapi kwa siku?

Hili ndilo swali la msingi, na wengi hulijibu vibaya kabla hata hawajatoka nyumbani. Mtu anazoea kupiga kilomita 100 Jumamosi asubuhi kwenda Bagamoyo na kurudi, anaona kwenye ramani kwamba Lushoto hadi Mtae ni kilomita sitini na kitu, anasema hiyo ni nusu siku. Saa kumi jioni yuko bado njiani, maji yamekwisha, na mbele yake kuna mlima mwingine.

Huku kilomita hazikuambii kitu. Hesabu mita za kupanda. Kanuni ninayotumia mimi ni hii: kwa kila mita 100 za kupanda, ongeza kilomita 2 za tambarare. Siku ya kilomita 60 yenye mita 1,500 za kupanda ihesabu kama kilomita 90. Halafu usitumie mwendo wa lami. Ukipata wastani wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa kwenye udongo, ukiwa na begi, umefanya vizuri. Hapo unaona mwenyewe kwamba safari ya Mtae inakula siku nzima, na kwamba ni lazima utoke alfajiri.

Mgeni asipange zaidi ya kilomita 40 kwa siku katika siku mbili za kwanza. Siku ya tatu ataamua mwenyewe, miguu itakuwa imeshamwambia.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya changarawe?

Hapana, ni lami, kama kilomita 33. Lakini usiidharau. Kutoka Mombo hadi Lushoto, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, unapanda takriban mita 1,000 kwenye barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa korongo, mwamba upande mmoja na mto chini upande wa pili. Malori ya Fuso yanashuka na mboga, mabasi yanapanda, na kwenye kona yote yanataka katikati ya barabara. Vaa rangi inayoonekana na usikate kona.

Mombo ni joto kali ikifika saa nne asubuhi. Anza saa kumi na mbili. Soni utapumzika, utaangalia maporomoko pale karibu na barabara, utakunywa chai. Wengine hupandisha baiskeli kwenye gari hadi Soni na kuanzia hapo. Hakuna ubaya wowote. Kwanza wanahifadhi miguu kwa ajili ya vumbi, ambalo ndilo walilolifuata.

Nianze na njia ipi?

Lushoto hadi Irente. Ni kilomita tano au sita kwenda, unapita mashamba na nyumba za watu, kisha ardhi inakatika. Chini yako, karibu mita elfu moja, kuna Mazinde, barabara kuu ya Arusha na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari. Ukirudi, kuna shamba la Irente linalouza jibini na mkate wa ngano nyeusi. Njia hiyo itakupa jibu la maswali mawili: kama gia zako ni nyepesi vya kutosha, na kama breki zako zinafaa. Afadhali uyajue hayo ukiwa karibu na mji.

Siku inayofuata nenda Soni hadi Bumbuli, kilomita ishirini na kitu. Barabara hii inapanda na kushuka mfululizo, inavuka vijito, inaingia kwenye migomba na kutoka. Ni kipimo kizuri cha mwili kabla ya safari ndefu.

Bonde la Mlalo lina nini hasa?

Kwangu mimi ndiyo njia nzuri kuliko zote, na kama una siku moja tu ya ziada, itumie huko.

Unatoka Lushoto ukipanda hadi Magamba, ambako lami imefika, kisha unapita pembeni mwa msitu. Asubuhi kuna ukungu, na ukisimama kimya utawasikia mbega juu ya miti kabla hujawaona. Baada ya hapo unaelekea Malindi (ndugu zetu wa Kenya, si Malindi yenu) na nchi inafunguka. Sehemu hii imelimwa yote. Utakuta watu wanapakia kabichi kwenye viroba, na barabara imechimbwa na malori yanayozibeba. Matairi ya malori yameacha mifereji miwili na kigongo katikati. Mwendesha baiskeli hukaa kwenye kigongo, mpaka kigongo kinapokwisha bila taarifa.

Kisha unashuka. Mlalo iko ndani ya bonde pana lililozungukwa na milima pande zote, na unaiona mapema, mabati yanang'aa chini, huku barabara ikikuzungusha kona baada ya kona kana kwamba haitaki ufike. Nyumba za zamani za mjini ni za ghorofa moja juu, kuta za udongo wa rangi ya kahawia, na roshani za mbao. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walijenga kituo chao hapa mwaka 1891, na Walutheri bado ni wengi, bega kwa bega na Waislamu. Katikati unapita mto Umba. Chanzo chake ni msitu wa Shagayu, hapo juu. Unashuka nyikani kupitia Mng'aro na kumalizikia bahari ya Hindi karibu na Vanga, Kenya.

Tahadhari moja: njia ya kuingia Mlalo ni ya kushuka, kwa hiyo ya kutoka ni ya kupanda. Usile ugali wa kushiba saa saba halafu uanze kurudi Lushoto siku hiyo hiyo. Lala.

Na Mtae?

Mtae ni ya wenye nguvu. Unapita Lukozi, Rangwe na Sunga, na kipande cha mwisho kinakaa juu ya mgongo, bonde kushoto na bonde kulia. Kijiji chenyewe kimekaa kwenye ncha ya milima. Jioni isiyo na mawingu unaona nyika ya Mkomazi na milima ya Pare, na mara chache, hewa ikiwa safi sana, Kilimanjaro.

Kuna baridi na upepo huko. Watu hubeba chupa nne za maji na kusahau sweta.

Kuna njia ya kushuka bila kurudi Mombo?

Ipo: Soni, Bumbuli, Dindira, Korogwe, jumla zaidi ya kilomita 70. Baada ya Bumbuli unaingia upande wa chai, kisha unaporomoka kwenye misitu na mashamba mpaka Korogwe, mji ulio kando ya mto Ruvu, yaani Pangani. Hali ya hewa inabadilika ukiwa juu ya baiskeli: umeanza na jaketi, unamaliza ukitafuta kivuli. Kwenye miteremko mirefu breki zinapata moto, hivyo simama kila baada ya muda uzipoze, na usibane breki moja tu.

Kama umekuja na basi la Dar, hii ndiyo njia bora ya kufunga safari, kwa sababu Korogwe mabasi hayakosekani mchana kutwa.

Msimu gani ni mzuri?

Mwisho wa Juni hadi Septemba, na Januari hadi Februari. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, lakini milima hii ina mvua zake ambazo hazisomi kalenda.

Mvua ikinyesha, tatizo si kulowana. Tatizo ni udongo. Ule mwekundu wa mfinyanzi, ukilowa kidogo tu, unateleza. Ukilowa zaidi unanata. Tairi linauzoa, unajaa kati ya tairi na foko, gurudumu linaacha kuzunguka na baiskeli ya kilo 11 inakuwa ya kilo 20. Utawaona wenyeji wamevunja kijiti cha mti kigumu wanakwangua, wanasukuma hatua thelathini, wanakwangua tena. Kwa hiyo angalia nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu kabla ya kuja. Kama kidole hakipiti, ukinyeshewa utaibeba begani.

Jua likitoka, subiri. Saa mbili tatu za jua na upepo hukausha barabara ya mgongoni kabisa, huku ile ya bondeni, chini ya miti, ikibaki tope mpaka kesho yake. Wakati wa mvua, njia za juu ndizo za kufuata hata kama ni ndefu zaidi.

Juni na Julai usiku ni baridi ya kweli. Beba nguo nzito, mtu wa Dar usibishane.

Lazima iwe baiskeli maalumu ya changarawe?

Si lazima. Usukani ule uliopinda kama wa baiskeli za mashindano ni wa raha tu. Baiskeli ya milimani ya mtumba, iliyofungwa vizuri, inafanya kazi yote ya huku, na kwenye miteremko mibovu inaishinda ya changarawe. Vitu vitatu ndivyo vya lazima. Kwanza tairi la upana wa milimita 40 kwenda juu; 45 hadi 50 ni bora. Pili gia nyepesi: meno ya nyuma yalingane na ya mbele au yazidi. Tatu breki unazoziamini, ikiwezekana za diski.

Phoenix? Wasambaa wanazipandisha Phoenix na mzigo wa majani ya ng'ombe nyuma, na pale mlima unapozidi wanashuka na kusukuma bila aibu. Ukiwa na gia moja, nawe utasukuma. Ila kagua breki zake za fito kabla ya kushuka popote.

Upepo kiasi gani kwenye tairi?

Pungufu kuliko unavyozoea. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 45 lenye tubu aanze na pauni 35, apunguze kidogo akiona anarushwa. Ukipunguza mno, jiwe litabana tubu dhidi ya rimu na kutoboa matundu mawili sambamba. Wenye tairi zisizo na tubu wanaweza kushuka chini ya pauni 30, lakini waje na dawa yao ya kuzibia. Madukani Lushoto usiitegemee.

Nikiharibikiwa nitapata fundi?

Utampata, karibu kila senta ya kijiji, kwa kawaida chini ya mti au ukutani mwa duka. Kwa pancha ni hodari. Anazamisha tubu kwenye beseni, anatafuta viputo, anakwangua kwa msasa, anapaka sulusheni, anapuliza, anasubiri. Usimharakishe pale kwenye kusubiri, ndipo kiraka kinaposhika. Cheni, spoki, pedeli na beringi za kawaida pia ataziweza.

Asichokuwa nacho ni vipuri vya baiskeli za kisasa. Beba mwenyewe kiungo cha cheni cha ukubwa wako, pedi za breki, kile kipande kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu, na tubu mbili za saizi yako. Tubu za gurudumu kubwa jembamba hazipatikani vijijini. Breki za mafuta zikivuja huko Mtae, hakuna wa kukusaidia.

Chakula na maji?

Chakula si tatizo. Asubuhi chai na maandazi au chapati, mchana wali au ugali kwa maharage, makande, ndizi. Mama lishe wengi humaliza chakula saa nane, ukichelewa utaangukia chipsi mayai. Msimu wa matunda nunua plamu na mapea barabarani, bei ni ya shambani.

Maji ya chupa yapo madukani. Maji ya vijito yanaonekana safi lakini juu yake kuna mashamba yanayopigwa dawa na ng'ombe wanaochungwa, kwa hiyo usinywe bila kuchemsha au kuchuja.

Nahitaji kibali?

Kwa barabara za umma, hapana. Kuingia ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba unalipa kiingilio kwa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na nakushauri uchukue mwongozaji, maana njia za ndani zinagawanyika. Msitu wa Mazumbai, upande wa Bumbuli, uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Omba ruhusa kwanza. Na ukishuka kaskazini kwenda Mng'aro na Mnazi, kumbuka Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi iko jirani. Usiingie na baiskeli, na hata ukiwa nje ya mpaka waulize wenyeji kuhusu tembo kabla ya kupita asubuhi sana au jioni.

Usalama ukoje?

Watu ni wakarimu. Salimia: shikamoo kwa wazee, kila mara, hata ukiwa unahema. Hatari kubwa ni mwendo wako mwenyewe kwenye mteremko. Kona za huku hazionyeshi kinachokuja, na kinachokuja ni bodaboda iliyozima injini kuokoa mafuta, kwa hiyo huisikii. Piga kengele. Kuna watoto pia, wanakimbia kandokando ya baiskeli wakipiga kelele "mzungu!" hata kama wewe ni Mngoni wa Songea. Punguza mwendo, wengine hushika begi la nyuma.

Mimi ni mwanamke, naweza kwenda peke yangu?

Wanaokwenda wapo. Njia za Irente, Soni, Bumbuli na Mlalo zina watu muda wote. Ndani ya msitu ni bora kuwa na mwenzako au mwongozaji, na hilo namwambia mwanamume pia. Kuhusu mavazi, bukta ya kubana ni sawa ukiwa unaendesha. Ukisimama senta au karibu na msikiti, funga kanga au vaa suruali pana juu yake. Utapokelewa tofauti kabisa.

Ramani ya simu inatosha?

Inatosha nusu. Pakua ramani kabla, kwa sababu mtandao unakamata migongoni na kupotea mabondeni. Tatizo ni kwamba ramani huchora njia ya miguu na barabara ya gari kwa mstari unaofanana. Kwa hiyo uliza, ila uliza vizuri. Ukiuliza "hii njia inafika Mlalo?" utajibiwa ndiyo, kwa sababu kweli inafika, kwa ngazi za mawe na daraja la gogo. Uliza "Fuso inapita?" Na usiulize ni mbali kiasi gani, utaambiwa ni hapo tu. Uliza bodaboda wanatoza shilingi ngapi mpaka huko. Bei ya bodaboda imeshahesabu umbali, mlima na ubovu wa barabara, na haidanganyi.

Nifikeje na baiskeli?

Kutoka Dar kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani, funga gia ya nyuma kwa kitambaa, elewana bei ya mzigo na kondakta kabla haijaingia buti, na usimamie mwenyewe inavyopangwa. Kutoka Arusha na Moshi shuka Mombo. Kutoka Mombasa vuka Lungalunga na Horohoro hadi Tanga, kisha Korogwe na Mombo. Kutoka Nairobi wengi hupitia Namanga au Holili.

Nikichoka katikati ya njia?

Hilo hutokea, na hakuna atakayekucheka. Ila ujue magari ya Mtae na Mlalo kwenda Lushoto mengi huondoka alfajiri, kwa hiyo ukiishiwa nguvu saa tisa alasiri usitegemee basi. Tafuta Fuso iliyoshusha mzigo na inarudi, au kodi bodaboda mbili, moja yako na moja ya baiskeli. Ya baiskeli chagua dereva mwenye mpira wa kufungia, na umwambie atangulie ili umwone.